Wimbo wa Nne

Maputo, 14 Januari 2025

Kwa binamu yangu Sumaia, mwenye shingo ya bata na domo la kuazima,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, ingawa uzima wako hauna faida kwa mtu. Sisi huku hatujambo. Baba yangu, mjomba wako Abdurremane, magoti yanamsumbua, na siku yakiuma ananigombeza mimi kana kwamba ndimi niliyemzeesha. Anakusalimu, na anauliza kama paa la nyumba ya marehemu dada yake limeshatengenezwa. Mumeo Rafique mwambie bado namhurumia.

Barua hii anakuletea Faizal, yule wa lori la mizigo. Nikikupigia simu hupokei, nikikuandikia WhatsApp hujibu, lakini karatasi unaijibu, tena kwa matusi ya kurasa tatu. Tulizoea hivi tangu usichana, mimi shuleni mjini Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, na wewe nyumbani Palma, na naona umeamua tuzeekee humo humo. Haya, tuzeeke.

Sasa jambo lenyewe. Nimemaliza albamu yangu. Ni soul na jazi, nyimbo nane, inatoka mwezi wa sita. Nimekuwekea kwenye pen, ile ya kuchomeka kwenye spika, pamoja na albamu nyingine tatu mpya zilizotoka hapa mjini, upate kulinganisha. Moja ni ya Virgílio, anayepiga saksafoni kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nyingine ni ya binti aitwaye Tânia. Kila wimbo anateswa na mapenzi, na mimi namjua, hajawahi kuyakosa hata wiki moja. Ya tatu ni ya mzee mmoja wa piano. Hiyo usijisumbue, hata piano yenyewe inasikika imechoka. Magazeti yamezisifu zote. Waandishi wa huku wanasifu kufuatana na vinywaji walivyopewa.

Yangu si ya namna hiyo. Wimbo wa nne unaitwa “Mwajuma”. Nimemwimbia mama yako, shangazi yangu, Mungu amrehemu. Hélio, anayenirekodi, alipousikia alitoka nje akalia. Naomba picha yake ya kuweka kwenye kasha la albamu. Ile ya harusi yako itafaa, mradi wewe nikukate.

Mimi mtani wako ninayekushinda kwa kila kitu,
Zuleica


Palma, 9 Februari 2025

Kwa Zuleica, kilio cha mbu,

Barua imefika, na Faizal amefika nayo akiwa mchafu kuliko magurudumu yake. Huku hatujambo. Mvua imetuchapa vya kutosha. Paa la nyumba ya Mama bado: mabati yapo, fundi hayupo. Mwambie Mjomba magoti ayakande kwa mafuta ya nazi ya moto, na kukugombeza azidishe. Rafique anasema na yeye anakuhurumia, maana huna hata mume wa kuhurumiwa. Niliisoma barua yako uani mbele ya wanawake wote, na Felismina, jirani yetu Mmakonde, aliomba nirudie pale pa domo. Alicheka mpaka akamwaga mchele.

Pen tumeisikiliza kwenye spika ya Rafique. Nitasema kweli, kwa kuwa wewe umezungukwa na watu wanaokunywa kwako.

Mpiga ngoma wako hapigi ngoma, anafagia. Rafique ananieleza kwamba ndivyo jazi inavyopigwa, kuna fagio maalumu. Sawa. Kama kazi yake ni kufagia aje uani kwangu, kuna majani. Wimbo wa kwanza niliuwasha nilipoinjika wali, wali ukaiva, ukapoa, wewe bado hujafika kwenye neno la pili. Wimbo wa pili hauna mwisho, uliishiwa tu. Na wewe mwenyewe, Zuleica, tangu lini unaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa? Ulikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya ghuba yote ya Tungue. Nani kakunyang'anya? Wale wengine watatu nao ni ovyo, lakini yule Tânia angalau anaimba kama ameshiba.

Sasa wimbo wa nne. Unasema shangazi yako alikufundisha kuimba. Unasema sauti yake ilikuwa laini, na mikono yake “ilitoa bila kuhesabu”. Huyo ni mama wa nani? Mama yangu hakujua kuimba. Akianza, kuku walihama. Wewe alikufukuza jikoni na mwiko, akikwambia unalichachusha tui kwa kelele zako. Na hiyo mikono iliyotoa! Mbuzi yake ya kukunia nazi aliifungia sandukuni. Jirani akitaka kukuna, ilibidi aje na nazi yake, akune mbele ya macho ya Mama, na machicha yabaki kwa Mama. Mtaa mzima unalijua hilo. Wanawake walipousikia wimbo wako walitazamana, Felismina akauliza kama kulikuwa na Mwajuma mwingine.

Picha sitoi. Na wimbo huo ufute, au umrudishe Mama awe yeye. Mama nguo zake zilichomwa vitani, nyumba yake haina paa. Kilichobaki ni vile alivyokuwa, na hicho ndicho unachonichukulia.

Mimi niliyekuzidi shingo na akili,
Sumaia


Maputo, 20 Machi 2025

Kwa Sumaia, mkosoaji wa jazi mwenye upawa masikioni,

Hatujambo. Baba alikanda magoti kama ulivyosema, sasa ananuka kama bandari na hasira ziko pale pale. Luísa, mdogo wangu, amepata mtoto wa kike, mzuri, hakufuata upande wenu.

Nimeisoma hukumu yako. Masikio yaliyozoea jenereta la Rafique yatajua nini kuhusu fagio la mpiga ngoma? Jazi si ngoma ya harusi. Unakaa, unatulia, unasikiliza ambacho hakikupigwa. Wewe huna cha kutulia nacho.

Wimbo wa nne haufutiki. Ndio uliotangulia kutolewa, redio inaupiga asubuhi na jioni. Nakuwekea na ukurasa wa gazeti usome. Najua utaruka ukifika pale panaposema mimi ni mkimbizi wa Palma na kwamba shangazi alifia mikononi mwangu. Sikusema hivyo. Mwandishi aliniuliza kama nilikuwa na ndugu huko wakati wa vita, nikajibu ndiyo, mengine akayapika mwenyewe. Hélio anasema tusimsahihishe, kwa sababu watu wanalia, na mtu anayelia hatoki kabla wimbo haujaisha.

Na kwa kuwa ulininyima picha, Hélio alimpata bibi mmoja mwenye uso mzuri, akampaka msiro mweupe usoni, akamkalisha dirishani. Kasha hilo hapo. Amependeza, na hakuna atakayejua.

Marehemu husifiwa, Sumaia. Ndivyo dunia nzima inavyofanya. Wewe tu ndiye unayetaka niiambie Maputo kwamba shangazi yangu alificha mbuzi ya nazi.

Mimi ninayejulikana redioni,
Zuleica


Palma, 2 Mei 2025

Kwa Bi Zuleica Abdurremane,

Asalaam aleikum.

Natumaini u mzima wa afya, wewe pamoja na mzee wetu na dada Luísa na mtoto. Sisi hatujambo, kwa uwezo wa Mungu.

Nimepokea barua yako, gazeti na kasha. Nakushukuru. Picha ni nzuri.

Nakutakia kila la heri katika kazi yako. Mwenyezi Mungu akufanikishe.

Nduguyo,
Sumaia Amade


Maputo, 16 Mei 2025

Wee Sumaia, shingo ya bata, shingo ya chupa, nini hiki?

Nimeigeuza karatasi nikatafuta tusi upande wa pili. Nimeinusa. Nimemuuliza Faizal kama kweli ni wewe uliyempa au kuna karani kakuandikia. “Bi Zuleica”! Nimekukosea nini cha kuitwa Bi?

Nilimpelekea Baba. Aliisoma taratibu, akavua miwani, akasema, “Huyu amekutoa katika utani.” Kisha akanigeuzia mgongo. Wiki ya pili sasa hanigombezi. Nampikia, anasema asante. Nyumba imekuwa kama ofisi ya serikali.

Hélio haelewi. Nimemwambia sisi ni watoto wa kaka na dada, mimi na wewe ni watani, kutukanana ni haki yetu tuliyozaliwa nayo. Nimemwambia mtani wako akikusemesha vizuri, umeshakuwa mtu baki. Alidhani natania. Nikamwambia albamu haitoki mwezi wa sita, na ule wimbo redioni uzimwe. Alinitukana sana. Matusi yake hayana ladha, maskini, hajafunzwa.

Nitukane, Sumaia. Nakuomba. Na kama hutaki, basi niambie jambo moja. Shangazi alikufaje? Miaka minne sijakuuliza. Nimeimba wimbo mzima juu ya jambo ambalo sikuuliza.

Kuhusu arobaini yake, najua unachongoja niseme. Kwenye karatasi sitakisema.

Zuleica wako, mbu


Palma, 30 Juni 2025

Zuleica,

Hatujambo. Fundi amepatikana, amepima paa, ameondoka na kamba yetu ya kupimia. Mwambie Mjomba namsalimu na namshukuru kwa kunyamaza.

Hapa sikutukani. Nakusimulia tu, kwa kuwa umeuliza.

Siku tuliyokimbia, kila mtu alibeba kilicho karibu. Rafique alimbeba mtoto. Mimi nilibeba vitambulisho na sufuria, sijui kwa nini sufuria. Mama alirudi ndani wakati risasi zinalia, tukamwita, tukapiga kelele, akatoka na mbuzi ya kukunia. Hakubeba nguo hata moja. Alisema wezi wakiikuta hawataitunza.

Tulipata boti ya wavuvi, tukaelekea visiwani. Njia nzima Mama alimsema yule nahodha: kwamba anaendesha kama anapeleka ng'ombe, kwamba mama yake angemuona angejifukia. Watu walikuwa wanalia, watoto wanatapika, na Mama anasema. Nahodha mwenyewe ikabidi acheke. Tulishuka Rongui. Homa ilikuwa imempanda tayari, kifua kinakoroma. Alfajiri ya pili alifariki akiwa hajamaliza habari za nahodha.

Watu wa Rongui walitufanyia wema. Walimwosha, wakamvika sanda, wakamswalia. Lakini walizika kimya. Hakuna aliyeruka kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe kuku. Hakuna aliyepiga kelele, “Huyu mchoyo, mzikeni na mbuzi yake!” Mtani gani angefanya hivyo? Hakuwepo hata mmoja. Mama aliyeutukana mtaa mzima, na mtaa mzima ukamtukana kwa mapenzi, alifukiwa kama mpita njia. Nilisimama pale nikashindwa hata kulia. Kilio kilikataa kutoka, na mpaka leo hakijatoka.

Sikukulaumu kwa mazishi. Nani angefika? Lakini arobaini tuliifanya Pemba. Ndege za kutoka Maputo zilikuwepo. Nilikuwekea sahani. Ukanitumia picha ya maua kwenye simu, maua yenye maandishi ya dhahabu, na usiku ule ule watu wakawa wanaonyeshana kwenye simu zao unavyoimba hotelini, gauni jekundu, mkono kiunoni. Tangu siku hiyo kitu chako chochote kikija kwenye simu sikifungui.

Wanaolia tulikuwa wengi. Wewe tulikungoja uje kumtukana. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako, mtoto wa kaka yake, mtani wa nyumba hii, na haikuwa na mtu mwingine. Sasa umekuja baada ya miaka minne unamlilia kwa saksafoni, umemvika uso wa bibi mwingine. Kama utaimba hivyo, afadhali usiimbe kabisa.

Sumaia


Pemba, 11 Agosti 2025

Kwa Sumaia,

Nampa barua hii dereva anayenitangulia kuja huko. Nimefika Pemba, kesho kutwa nitakuwa mlangoni kwako. Baba hajambo, ndiye aliyenikatia tiketi. Mwambie Rafique atafute boti ya Rongui na aombe ruhusa panapohusika. Mbuzi ya shangazi uiweke karibu.

Sikuja kulia.

Zuleica


Palma, 23 Novemba 2025

Kwa Zuleica, mbu wa Maputo, mwenye viatu vya harusi ya watu, mla wali wa msiba uliopoa,

Nimekukuta mzima? Bahati mbaya. Sisi hatujambo. Paa la Mama limepauliwa, halivuji ila pale ulipolala wewe, naona bati lilikukataa. Mtoto wangu mpaka leo anakuigiza ulivyoshuka kwenye boti, ukaangukia makalio majini na viatu vyako mkononi. Felismina anauliza utarudi lini, ana matusi mapya ya Kimakonde amekuwekea.

Albamu imefika pamoja na barua yako. Lakini kabla sijakusema, kuna jambo nataka liandikwe, kwa kuwa wewe ni muongo na magazeti yako ni waongo, na siku moja mtoto wangu atauliza.

Liandikwe kwamba ulifika Rongui jua limechomoza, ukaonyeshwa kaburi, na badala ya kuomba dua ulilala kando yake kwenye mchanga na gauni lako lote. Ukapaza ile sauti yako ya zamani: “Mwajuma, mchoyo we! Nazi moja watu saba! Umekimbilia kisiwani ili majirani wasije kukuazima!” Watu wa Rongui walitoka majumbani wakidhani kuna kichaa. Vijana walitaka kukuondoa, mpaka bibi mmoja akawazuia, akasema, “Mwacheni, huyo ni mtani wake. Amechelewa tu.” Nilikupa kuku, ukakataa. Nikakupa kanga yangu mpya, ukaitupa. Ulisema huinuki mpaka upewe mbuzi ya kukunia. Nikasema mbuzi ya Mama haitoki nyumbani kwetu. Tukagombana pale juu ya maiti ya watu, mimi nimeishika huku na wewe kule, tukivutana, mpaka nikasikia sauti yangu inasema, “Ukitaka kukuna, njoo na nazi yako!” Ilikuwa sauti ya Mama kabisa. Ndipo nikacheka, na kicheko kikageuka, nikalia mpaka nikakaa chini. Miaka minne, Zuleica. Ulinikalia kimya pembeni ukiwa umeikumbatia mbuzi, na hilo ndilo jambo pekee la akili ulilofanya safari nzima. Nilikuachia ukaondoka nayo.

Na kule kwenye boti wakati wa kurudi ulinisemea habari za arobaini. Yaliyosemwa kwenye boti yabaki kwenye boti.

Sasa albamu. Nyimbo saba ni zile zile, usingizi mtupu. Yule wa fagio bado anafagia. Virgílio wako, unasema, amepata tuzo ya albamu bora ya jazi ya mwaka, na gazeti limeandika kwamba wewe umeharibu kazi nzuri kwa wimbo mmoja wa kihuni, na redio haiupigi. Nimefurahi. Hélio mwambie pole, ajifunze kutukana vizuri.

Wimbo wa nne ni mbaya sana. Hauna saksafoni, hauna piano, hauna adabu. Kuna mbuzi tu inakuna nazi, kwaru, kwaru, kwaru, na wewe juu yake unapaza sauti kama unawaita watu ng'ambo, unamtaja Mama kwa uchoyo wake, kwa mwiko wake, kwa kuku waliohama, kwa nahodha aliyesemwa mpaka kisiwani. Huyo mkunaji wako hajui kukuna, anachelewa, nazi imeshachacha. Na kasha halina bibi wa dirishani, kuna mbuzi juu ya meza, basi. Nani atanunua picha ya mbuzi ya nazi?

Tuliuweka uani. Wanawake walisikiliza mpaka ulipofika kwenye machicha, kisha mmoja akasema, “Ndiye.” Wakaanza kumtukana wote kwa pamoja, kila mmoja na nazi yake aliyowahi kukunia kwetu, mpaka spika haisikiki. Nimewasha tena kila walipoomba, na waliomba sana. Rafique amekasirika, jenereta limemaliza mafuta.

Unaniuliza kuhusu Tânia. Unasema amependa ule mlio, anataka kuazima mbuzi ya Mama arekodi nayo albamu yake mpya, na wewe unaona haya kumkatalia.

Usimwazimishe. Mwambie aje na nazi yake, akune mbele ya macho yako, na machicha yabaki kwako.

Sumaia, shingo ya bata